Picha za Tuta la Reli Kabla Halijatoweka



Mzee anayemwambia mjukuu wake kwamba treni iliwahi kufika Masasi hudhaniwa anatunga hadithi. Treni ilifika. Reli ya Jimbo la Kusini ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanzishwa na Serikali ya Uingereza mwaka 1947, ambao mashamba yake ya kusini yalikuwa Nachingwea. Mradi ulifutwa mwaka 1951. Reli ikabaki, ikapata bandari yake ya kina kirefu Mtwara mwaka 1954, na tawi likaletwa Masasi. Mizigo haikutosha, mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Ajabu ni kwamba nchi ilikuwa imekwisha kupata uhuru, nayo ikaanza kwa kufunga reli.

Kilichosalia ni tuta, kalavati na misingi ya madaraja, na hivyo havina mlinzi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Ya baadaye husubiri tangazo la Waziri. Tuta likichimbwa kifusi leo, hakuna aliyevunja sheria hiyo. Picha, basi, ndiyo hifadhi iliyo karibu.

Mpiga picha aende asubuhi na mapema au jua linapoelekea kuzama. Saa sita mchana tuta huonekana kama shamba la kawaida, lakini jua la chini hulitia kivuli likajitokeza. Asimamishe mtu au jembe kando ya nguzo ili kimo kijulikane. Aandike kijiji, tarehe na upande alioelekea, kwani picha isiyo na jina la mahali haimsaidii mtu baada ya miaka kumi. Amwombe ruhusa mwenye mikorosho, wala asipande juu ya daraja lililochakaa.

Newala haikupitiwa na reli, ila albamu za familia huko huenda zina picha za stesheni. Nakala zipelekwe kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri, pamoja na jina la mzee aliyeeleza.

Kazi hii ifanywe kabla ya mvua za Desemba. Zikishaanza, majani hufunika tuta lote.