Hua wa Shingo Nyeusi Avuka Bahari

Mwanzoni mwa karne ya 20, aliyetaka kumwona hua huyu Ulaya alikwenda Uturuki au Balkani. Ni ndege wa kijivu hafifu, mwenye ukanda mweusi nyuma ya shingo. Mwaka 1955 akazalia Norfolk, Uingereza, na hakuna aliyempeleka: alijiendea mwenyewe.

Amerika kisa ni kingine. Mwaka 1974, mjini Nassau, Bahamas, wezi walivunja duka la ndege. Baadhi ya hua wakatoroka, na mwenye duka akawafungulia waliobaki. Ndege kama 50 tu! Miaka ya 1980 walikuwa Florida, na leo wamefika hadi pwani ya Pasifiki.

Siri yao? Tazama kiota: vijiti vichache vilivyopangwa ovyo, mayai mawili meupe karibu yaonekane kwa chini. Lakini makinda yakiruka tu, wazazi wanaanza upya, mara kadhaa kwa mwaka, na vijana huenda mbali kutafuta makazi. Nafaka iliyomwagika ghalani na punje zinazowekwa uani kulisha ndege zinawatosha.

Dar es Salaam na Mombasa tunamjua mgeni wa namna hii, kunguru wa India, anayepora mayai na makinda ya wenzake. Hua hana ujambazi huo, na kumweka kapu moja na kunguru ni kumwonea. Hata hivyo, majimbo mengi ya Marekani yanaruhusu awindwe bila kikomo cha idadi, na bado anazidi kusambaa.