Watoto Wanane, Mpira Mmoja

Leo tunazungumza na mzazi, mwalimu na kocha wa watoto.

Simama jioni kando ya uwanja wa shule ya msingi. Mara nyingi utaona watoto 24 na mpira mmoja. Wawili watatu wenye nguvu wanaukimbiza. Wengine wamejishika kiuno. Golikipa anang'oa nyasi. Saa nzima ikiisha, yuko mtoto ambaye hajaugusa mpira hata mara moja. Huyo ndiye atakayeacha kuja, na huenda ndiye aliyehitaji mazoezi zaidi.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri kwamba watoto wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi ya kuutia moyo mbio kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Kusimama uwanjani hakuhesabiki.

Tufanyeje basi? Gawa uwanja. Pima hatua 30 kwa 20, kisha weka timu mbili za watoto wanne wanne. Watoto wale 24 watapata viwanja vitatu. Malapa mawili yaliyoachana hatua mbili ni goli tosha, na golikipa hahitajiki. Mipira haitoshi? Matambara yaliyofungwa vizuri kwa kamba yatafaa. Wapange kwa kimo na nguvu, si kwa umri pekee, ili mdogo asiumizwe.

Katika timu ya wanne hakuna pa kujificha. Kila mtoto atapokea pasi, atapiga chenga, na atakimbia kurudi nyuma kulinda lango. Moyo na mapafu hupata kazi, nayo miguu huuzoea mpira.

Lakini tahadhari: mchezo huu huchosha upesi. Wacheze dakika 4, wapumzike dakika 2 kivulini na kunywa maji safi, kisha warudi. Okoteni mawe na vipande vya chupa kabla ya kuanza. Mwenye pumu awe na dawa yake karibu. Kifua kikianza kubana, atoke aitumie mara moja. Aliyegongwa kichwa akaona kizunguzungu asirudi mchezoni siku hiyo, hata akisema amepona. Mpelekeni kituo cha afya.

Kumbuka, msikilizaji: mtoto aliyegusa mpira leo atarudi kesho.