Bomba la Choo Lisiishie Chini ya Bati

(Mazungumzo yetu na wajumbe wa kamati za ujenzi na afya za sharika)



Leo tumekuja kuzungumza juu ya bomba la hewa la choo. Msicheke. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 23, Waisraeli waliagizwa kutenga mahali nje ya kambi kwa ajili ya haja, tena wawe na kifaa cha kuchimbia na kufukia. Ikiwa Maandiko hayakuona haya kulitaja jambo hili, nasi tusione haya.

Kwanza tuungame kosa letu. Miaka michache iliyopita tulijenga vyoo vya shimo katika shule moja ya msingi. Fedha zilipopungua tulilikata bomba likaishia chini ya bati, na wavu tukasema utawekwa baadaye. Siku ya uzinduzi tuliimba na kupiga picha. Tuliporudi baada ya mwaka mmoja, vyumba vilinuka, nzi walijaa, na watoto walikuwa wakienda kichakani. Mwalimu mmoja alitueleza kwa upole kwamba vyoo vile vilikuwa vya kuonyesha wageni. Kuta zilikuwa imara na rangi ilipendeza. Kilichokosekana ni kipande cha bomba na wavu usiozidi upana wa sahani.

Choo cha shimo chenye bomba la hewa kiliendelezwa nchini Zimbabwe, wakati huo ikiitwa Rhodesia, miaka ya 1970, na mtafiti Peter Morgan na wenzake wa maabara ya Blair. Katika jaribio moja la siku 78, nzi walionaswa wakitoka katika choo kisicho na bomba walikuwa 13,953. Katika choo chenye bomba walikuwa 146 tu.

Je, linafanyaje kazi? Halina feni wala halihitaji umeme. Upepo unaopita juu ya mdomo wa bomba huvuta hewa iliyomo ndani. Hewa safi huingia chooni, hushuka kupitia tundu, kisha hupanda bombani pamoja na harufu. Nzi wa nje hufuata harufu hiyo hadi juu ya bomba, wakazuiwa na wavu. Nzi waliozaliwa shimoni hufuata mwanga. Chumba kikiwa na giza kiasi, mwanga wanaouona ni ule wa juu ya bomba; hupanda, hunaswa na wavu, hufa hapo. Kwa hiyo bomba lisilo na wavu huwafungulia nzi njia.

Mnapojenga, tunawaomba mzingatie haya:

1. Bomba la plastiki liwe na kipenyo cha milimita 150, linyooke wima ili mwanga ufike shimoni.

2. Lipite sehemu ya juu kabisa ya paa kwa nusu mita au zaidi, na matawi ya miti yasiuzibe upepo.

3. Wavu uwe wa chuma kisichoshika kutu au wa alumini, kwa sababu jua na hewa ya shimoni huharibu haraka nyavu za kawaida.

4. Acheni nafasi ya kuingiza hewa, ikiwezekana upande unakotoka upepo, lakini chumba kisiwe na mwanga mwingi.

5. Tundu la choo hiki lisizibwe kwa mfuniko, maana hewa haitashuka.

6. Kila tundu liwe na sehemu yake ya shimo na bomba lake. Mabomba mawili yakiwa juu ya shimo moja lisilogawanywa, hewa yaweza kushuka kwa moja na kupanda kwa jingine, na harufu ikabaki chumbani.

Baada ya ujenzi, kazi bado ipo. Buibui hutanda utando ndani ya bomba. Mara kwa mara mtu apande ngazi, akague wavu, na utando ukiwepo aondoe wavu, amwage ndoo ya maji bombani, kisha aurudishe. Kamati imtaje mtu huyo kwa jina. Sisi hatukumtaja mtu, na hakuna aliyepanda.

Kwa shule ile, tulirudi na fundi tukaongeza mabomba na kufunga nyavu. Kazi ilikuwa ya siku mbili. Watoto walikuwa wameisubiri mwaka mzima.

Basi, ndugu zetu, kabla ya kutia sahihi kwamba jengo limekamilika, shikeni kijiti kinachofuka moshi bila mwali, juu kidogo ya tundu. Moshi ukishuka shimoni, bomba linavuta. Ukipanda usoni mwenu, msikate utepe kwanza, mwiteni fundi.