Wimbo uliotangazwa na mashabiki

Nyimbo nyingi za albamu husahauliwa bila kupigwa redioni, kwani kampuni ya muziki ndiyo huchagua kibao cha kutangazwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa No Control, wimbo uliomo katika Four, albamu ya kundi la One Direction iliyotoka Novemba 2014. Louis Tomlinson wa kundi hilo alikuwa miongoni mwa watunzi wake.

Machi 2015 Zayn Malik alijitoa, akawaachia mashabiki majonzi. Mwezi Mei wakajitwika kazi ya kampuni: wakabuni jalada, wakapanga siku ya kuununua wimbo kwa pamoja, wakaviomba vituo vya redio viupige. Radio 1 ya BBC nchini Uingereza ikaupiga. Agosti wimbo huo ukatunukiwa tuzo ya Teen Choice nchini Marekani.

Wasichana hao walizoea kuchekwa kwa vilio vyao. Hapa hawakulia, walijipanga, wakatoa fedha zao, wala hawakulipwa.

Kundi lilipumzika mwaka 2016, na Oktoba 2024 Liam Payne akafariki dunia. Wimbo ambao kampuni haikuuchagua ungali na wenyewe: wale waliouchagua.