SARUJI HAIKUIBWA
(Maneno ya Katibu kwenye mkutano wa wanachama. Yameandikwa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa shambani.)

Ndugu wanachama,

Leo sina mengi, nina habari ya mifuko 6 ya saruji. Mnajua tulinunua mifuko 11 kwa msingi wa ghala letu. Ikaisha zege likiwa limefika mita 21, zikabaki mita 11 mtaro mtupu. Tangu siku hiyo maneno ni mengi, kisimani na kilabuni, kwamba fundi kaiba. Nasema mbele yenu: fundi hakuiba. Kosa ni langu mimi niliyepiga hesabu.

Haya, tupige tena pamoja. Wenzangu wa darasa la kisomo mnisahihishe. Mtaro wetu, ukiupima katikati yake kuzunguka ghala lote, ni mita 32. Upana sentimita 60. Unene wa zege sentimita 20. Kina cha mtaro hakimo humu, hapo wengi huchanganya. 32 mara 0.6 mara 0.2 ni mita za ujazo 3.84. Mpaka hapo nilikuwa sawa.

Mchanganyiko wa fundi ni sanduku 1 la saruji, 3 ya mchanga, 6 ya kokoto. Jumla 10. Basi mimi nikagawa 3.84 kwa 10, nikapata 0.384. Mfuko wa kilo 50 ni kama lita 35, kwa hiyo mifuko 11. Nikafurahi, nikasema tumepona, bei ni ndogo!

Sasa jamani, chukua debe ulijaze karanga mpaka juu. Halafu mimina uwele. Debe litaupokea, maana uwele unajipenyeza kwenye nafasi za karanga. Zege ni hivyo hivyo. Mchanga unaingia kati ya kokoto, saruji inaingia kati ya mchanga, na ukishindilia hewa inatoka. Masanduku 10 makavu yanatoa zege masanduku 6 na nusu tu. Ndiyo maana kila mita 1 ya ujazo ya zege inataka vitu vikavu mita 1 na nusu, na kwa mchanganyiko huu saruji yake ni mifuko 4.4. Zidisha kwa 3.84, ni mifuko 17. Toa 11, inabaki 6. Hiyo ndiyo "iliyoibwa".

Asiyeamini aangalie mtaro wenyewe. Mita 11 zilizobaki ni ujazo 1.32. Mara 4.4 ni 5.8, yaani mifuko 6 ile ile.

Tutanunua 7, mmoja wa kufidia unaomwagika. Tukiuhesabu mfuko shilingi 18,000 hadi kufika hapa kijijini, ni 126,000. Sisi ni wanachama 42, kila mmoja 3,000. Mimi yangu nimekwisha mpa mweka hazina. Tusingoje mvua za Desemba, zikiukuta mtaro wazi kingo zitaporomoka tuchimbe upya.

Mchanga uchotwe masanduku 21, kokoto 42. Sanduku ni lile la mbao, ndani sentimita 40 kwa 35 kwa 25. Ncha ya zege la zamani ikwaruzwe na kuloweshwa kwanza.

Fundi nimemwendea nyumbani kwake, nimemwomba radhi. Amekubali kurudi. Kazi ni Jumamosi saa 1 asubuhi, kila mtu aje na debe moja la maji. Yatakayobaki ni ya kumwagilia zege siku 7.