Bei ya Stima Saa Moja Jioni



Kenya huzalisha karibu sehemu tisa katika kumi za stima yake kwa mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Hakuna anayetuuzia upepo. Mbona basi tokeni ya shilingi mia inaleta uniti chache hivi? Jibu langu ni kwamba bei haiamuliwi na chanzo cha stima peke yake. Saa pia huiamua.

Usiku wa manane upepo wa Loiyangalani huvuma kwa nguvu na mvuke wa Olkaria haukomi. Nairobi imelala, matumizi yameshuka. Sehemu ya mvuke huachiliwa hewani, na mitambo ya upepo hupunguzwa kasi. Lakini mikopo iliyoijenga haipungui. Hulipwa stima itumike isitumike. Ifikapo saa moja jioni, jua la Garissa limetua na kila nyumba imewasha taa. Hapo mitambo ya mafuta mazito huitwa kazini, na gharama yake hutokea kwenye tokeni kama ada ya mafuta.

Dawa ni gridi inayoweza kubadilika kwa haraka. Mabwawa ya Mto Tana hutusaidia sana hapo: Gitaru na Kiambere huweza kuzuia maji mchana na kuyafungulia jioni. Ndiyo maana ukame hutuumiza mara mbili. Mwaka 2009 bwawa la Masinga, kwenye mto huohuo, lilipopungukiwa maji hadi kituo chake kufungwa, tulipoteza stima, tukapoteza na uwezo wa kuihifadhi kwa saa ya haja. Nyaya nazo ni sehemu ya uwezo wa gridi kubadilika. Mitambo 365 ya Loiyangalani, yenye megawati 310, ilikuwa tayari mwaka 2017, ikasubiri nyaya za kwenda kituo cha Suswa hadi 2018. Kenya ikadaiwa malipo ya stima ambayo haikumfikia mtu.

Uwezo mwingine uko mikononi mwa mtumiaji. Tangu Desemba 2017 viwanda vinavyoongeza matumizi usiku hupata nafuu ya nusu bei. Aprili 2023 wanaochaji magari na pikipiki za umeme waliwekewa bei ya shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 saa za usiku, kabla ya kodi na ada. Kanuni kwamba bei ifuate saa imekwisha kukubaliwa. Haijafika hapa mtaani Mathare, Nairobi.

Hapa, tokeni ina bei ileile saa tisa usiku na saa moja jioni. Ploti yenye mita moja kwa nyumba nyingi huvuka uniti 30 za nafuu haraka, ikatozwa bei ya juu zaidi. Na anayetumia sambaza, yaani stima iliyounganishwa kinyemela, hana mita, hivyo punguzo lolote humpita.

Naomba basi mambo matatu: kila nyumba iwe na mita yake halali, mita hiyo itambue saa, na bei ya usiku iwe ya wote. Pampu za maji na betri za bodaboda zinaweza kusubiri saa nne usiku. Uniti ya Olkaria iliyotumika hapa usiku huo husaidia kulipa deni ambalo sasa tunalilipa huku mvuke ukipotea. Mathare ina haki ya kununua stima hiyo kwa bei yake ya kweli.