Jua la Uingereza

(Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyosomwa mbele ya vijana wanaojitayarisha kwenda kusoma ng'ambo, pamoja na wazazi wao.)



Nimeombwa niwaambieni habari za hali ya hewa ya Uingereza, nchi ambayo nilipelekwa kujifunza zaidi kazi yangu ya kufasiri. Yamkini mwatazamia nizungumze juu ya baridi. Lakini si baridi iliyotaka kunirudisha kwetu kabla ya wakati. Juu ya baridi nilikuwa nimekwisha kuonywa na kila mtu: mjomba alininunulia koti zito katika soko la Gikomba, na shangazi akanifumia soksi za sufu. Hapana hata mmoja aliyenionya juu ya jua.

Nilifika London katikati ya Januari. Siku ya tatu niliamka nikaona mbingu imetakata, na jua linang'aa dirishani kama la kwetu Machakos. Nikafurahi, nikavaa shati na sweta jepesi, nikatoka. Sikufika mwisho wa njia. Masikio yaliniwaka kama niliyepigwa makofi, na niliporudi mlangoni vidole vilikataa kushika ufunguo. Mama mwenye nyumba alicheka hata akakaa chini, kisha akanifundisha kwamba katika majira ya baridi, siku ya mbingu safi aghalabu ndiyo ya kuogopwa. Siku ya mawingu ina nafuu. Mawingu ni blanketi la dunia. Yakikosekana usiku, joto la ardhi hupanda juu likapotea. Wakulima wa Limuru na Kinangop wanaijua sana habari hii, maana jalidi inayounguza mimea yao huja usiku wa nyota nyingi.

Lakini hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa ni saa.

Sisi tusemao Kiswahili twahesabu saa zetu kwa jua. Likichomoza ni saa kumi na mbili. Likipanda kidogo, saa moja. Saa sita li utosini. Na saa kumi na mbili jioni linatua. Hapa karibu na Ikweta hesabu hiyo haidanganyi, kwa kuwa urefu wa mchana haubadiliki mwaka mzima ila kwa dakika chache tu. London iko mbali kaskazini, nyuzi 51 na nusu kutoka Ikweta. Tarehe 21 Desemba jua hutoka huko saa mbili asubuhi, na kabla ya saa kumi alasiri limekwisha kutua. Mchana mzima haufiki saa nane! Hata adhuhuri halipandi zaidi ya nyuzi 15 au hivi juu ya upeo wa macho. Latambaa juu ya mapaa ya nyumba kama mtu anyataye. Katika shule ya misheni mwalimu wetu alitoboa chungwa kwa kijiti, akaliinamisha mbele ya mshumaa, akatuonyesha sababu yake. Nikajibu swali hilo katika mtihani nikapata alama zote. Elimu hiyo ilikaa kichwani, mwilini haikuingia.

Nilikwenda darasani gizani na kurudi gizani. Ifikapo saa kumi na moja jioni mwili uliniambia ni usiku, nami nikalala; saa nane za usiku nikawa macho, natazama dari. Hamu ya chakula ikaniisha. Mifupa ikauma. Simu za kwetu sikuzipokea. Nikafikiri nimerogwa, naam, mimi niliyesoma, nikaanza kuhesabu nauli ya kurudi. Mwisho nilikwenda kwa daktari, naye akaniuliza, "Jua umeliona lini kwa mara ya mwisho?" Nikakosa la kujibu.

Alinieleza kwamba tangu Oktoba hadi mwanzo wa Machi jua la huko ni dhaifu mno, haliwezi kuisaidia ngozi kufanya vitamini D ambayo mifupa na misuli huihitaji. Tena ngozi nyeusi huhitaji jua jingi kuliko nyeupe. Kwa hiyo Serikali ya huko huwashauri watu wenye asili ya Afrika wafikirie kutumia maikrogramu 10 za vitamini D kila siku, mwaka mzima. Akaniagiza pia nitembee nje kila adhuhuri, hata kukiwa na mawingu, maana mwanga wa mchana ndio unaoirekebisha saa ya mwili. Nilitii, na baada ya majuma kadhaa usingizi ukarudi mahali pake. Nawasihini msingoje kama nilivyongoja mimi. Kwenda kwa daktari kwa ajili ya huzuni si aibu.

Habari za mvua nitazipitia upesi. Mvua ya London kwa mwaka, kama milimita 600, ni kidogo kuliko ya Nairobi. Ila yetu ina adabu, huja kwa masika na vuli, na yao hunyunyiza siku yo yote bila hodi. Theluji nayo si ya kila siku kama picha zionyeshavyo. Mama mwenye nyumba akitaja theluji hasa, hutaja utoto wake, majira ya baridi ya 1962 hadi 1963, ilipoanguka mwishoni mwa Desemba na mahali pengi ikakaa mpaka Machi. Lakini baridi iwe kali namna gani, msiwashe jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua watu usingizini, huko na hapa.

Kisha ukaja Juni, nikaona kioja cha pili. Jua lilitoka kabla ya saa kumi na moja alfajiri, likatua saa tatu na dakika 20 za usiku. Ramadhani ikiangukia mwezi huo, kama ilivyokuwa mwaka wa 2016, Waislamu wa London hufunga zaidi ya saa 18. Nami mfasiri, ambaye kazi yangu ni kutafuta neno lililo sawa, sikujua tena "usiku" ni kitu gani. Jioni moja, saa tatu kasorobo, watoto walikuwa wakicheza mpira chini ya dirisha langu na jua liko usoni pangu. Nikampigia simu mama yangu nimweleze. Kwetu ilikuwa saa tano kasorobo. Alinyamaza kidogo, kisha nikamsikia akimwamsha kaka yangu: "Hebu njoo uzungumze na mdogo wako. Anasema kuna jua."